Nyota Mbili na Nusu

Tuliirekodi albamu Sabasaba, juu ya duka la magodoro,
ghalani mwa Bwana Taibali,
kodi kwa usiku, si kwa mwezi,
tangu saa nne, lori la mwisho likishaondoka,
hadi adhana ya alfajiri,
ambayo haizuiliki kwa godoro lolote.

Nyimbo tisa. Miezi mitano.
Umazi sauti, Lali gitaa, Mwakio ngoma,
mimi kinanda chenye vitufe viwili bubu
nilivyojifunza kuvikwepa
kama mtu anavyoukwepa mlango wa anayemdai.

Tukaiita Maji ya Tangi.
Lali alitaka jina la Kizungu. Tukapiga kura.
Alinuna mpaka wimbo wa nne.

Kwenye huo wa nne yumo kunguru.
Hatukumwalika. Tulikuwa tumepitiliza muda,
saa kumi na mbili kasorobo, akatua dirishani,
akalia mara tatu, ya tatu ndani ya mdundo kabisa,
na Mwakio akatuonya kwa macho: msisimame.
Baadaye tulijaribu kumfuta.
Ukimfuta yeye, wamfuta na Umazi.
Basi akakaa.

Jumamosi nilinunua nakala tatu za gazeti, Mwembe Tayari.
Muuzaji akaniuliza kwa upole
kama ni tangazo la msiba.

Mhakiki, Bwana Wandera Obwaka,
ametupa nyota mbili na nusu.
Hiyo nusu nimeitazama sana.
Imekatwa wima kama papai,
huku wino, huku karatasi tupu,
na sijui kipande cha pili kimeliwa na nani.

Kunguru amemsifu: "uthubutu wa kisanii."
Kinanda changu "chasitasita."
Na katika wimbo wa sita, kasema, "bendi hatimaye
yaufungua mlango wa upweke wake."

Mlango! Shule ya bweni ya Kinango
ilinunua magodoro themanini siku ile.
Ghala likabaki kuta,
na kila tulichopiga kikaturudia.

Redioni walicheza nusu ya wimbo wa pili
(nusu tena),
wakakatiza kwa dawa ya mende,
mtangazaji akarudi akisema, "Vijana wanajaribu."

Mwengine akaandika kwamba hatuna pwani ndani yetu:
yako wapi marashi, uko wapi udi?
Umazi alisoma akila mhogo wa nazi.
Alipomaliza, akafutia vidole sentensi hiyo.

Bi Shekuwe, shangaziye Lali, haandiki popote.
Alisikiliza akichambua mchele,
akasema bila kuinua uso:
"Huyu mtoto yuaimba kama alonyimwa chai.
Lakini musimpe."
Sifa kubwa kuliko hiyo sijapata kusikia.

Kuna jambo halikuguswa na yeyote.
Wimbo wa saba, dakika ya pili,
Umazi anavuta pumzi ya neno
kisha halisemi. Ngoma zinapita. Nafasi ya neno inapita.
Mimi nililiona daftarini:
limepigwa mstari mmoja tu,
mstari mwembamba, wa penseli,
wa mtu anayeweza kubadili nia.
Sikumuuliza. Nikasitasita kwenye kinanda,
ndiyo, Bwana Obwaka, nilisitasita,
nikimwachia mlango wazi iwapo angerudi kulichukua.

Mwisho wa mwezi tulimpelekea Bwana Taibali deni lake
na nakala moja ya bure.
Akaicheza pale pale kaunta, amesimama,
futi ya kupimia shingoni,
akitikisa kichwa nje ya mdundo.
Mteja aliyekuja kuuliza mito akaambiwa angoje.
Wa kwanza, wa pili, kunguru, wa tano: kimya.
Ulipoanza wa sita
akainua kidole taratibu kuelekea dari.

"Hapa," akasema,
"sikuwa na mali."